Jumamosi za Bwawani Temeke

Kabla sijahamia Kibamba, Jumamosi zangu zote zilikuwa za bwawa. Nilijitolea katika klabu ndogo ya kuogelea kule Temeke, iliyotumia bwawa la shule moja. Vifaa hatukuwa navyo. Watoto walijifunza kuelea wakiwa wamekumbatia madumu matupu ya mafuta ya kupikia, na mie, niliyejifunza kuogelea ukubwani, nilisimama majini nikiwashika matumbo mmoja mmoja. Nikirudi nyumbani Tabata, nilikokuwa mwalimu, nywele zinanuka dawa ya maji mpaka Jumatatu, na wanafunzi wangu darasani walishazoea.

Miongoni mwa waliokuja alikuwepo bibi mmoja wa Kimakonde, aliyemleta mjukuu wake wa kike. Wazazi wengine walikaa ukingoni wakishangilia. Yeye alikaa mbali, kwenye ngazi za darasa, ameligeuzia bwawa mgongo, akisubiri mtoto aje amguse bega. Nikadhani jua linamsumbua. Siku moja nikamfuata, nikampa shikamoo, nikamwambia kuna kivuli karibu na maji. Akaitika, akanishukuru, hakunyanyuka. Ndipo taratibu akanieleza kwamba mdogo wake alichukuliwa na mto Ruvuma, wakiwa wasichana, walipokwenda kufua. Alimwona akienda. Hakuna aliyejua kuogelea.

"Ndiyo maana namleta huyu," akasema. "Lakini kutazama siwezi."

Sikumlazimisha. Miezi ikapita, mjukuu akaweza kuvuka bwawa kwa upana, kisha kwa urefu. Siku alipovuka urefu alimkimbilia bibi yake akichuruzika maji, akamvuta mkono, na kwa mara ya kwanza bibi akageuka. Mtoto akarudi majini, akavuka tena kwa ajili yake. Bibi alisimama, kiganja mdomoni, mpaka mtoto aliposhika ukuta wa ng'ambo.

Wiki iliyofuata alikuja amevaa gauni kuukuu na suruali ndani yake. Akasubiri watoto wengine waondoke, akaniuliza kama watu wa umri wake nao hufundishwa.

Siku hiyo alisimama tu, maji kiunoni, amenikaba mkono, midomo ikisoma dua. Basi, tukaishia hapo. Tukarudia Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi akakubali kulala chali, mie nimeshika mgongo, mjukuu kashika kichwa.

"Bibi, acha masikio yaingie majini," mtoto akamwambia. "Usipigane nayo."

Nikausikia mgongo ukilegea. Nikaondoa mkono mmoja, kisha mwingine. Akaelea. Alitazama juu, machozi yakimtiririkia masikioni. Aliposimama akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe yanabeba."

Baada ya hapo akaleta majirani zake, tukapata kundi zima la akina mama, magauni yametuna kama maputo, wakichekana mpaka mlinzi wa shule anakuja kuchungulia.

Kisha shule ikahitaji uwanja wa kujenga madarasa. Bwawa likafukiwa, nasi tukatawanyika. Mjukuu, sasa msichana mkubwa, anafundisha watoto kwenye klabu moja Kinondoni. Bibi alirudi kwao kusini. Hunipigia simu sikukuu, akiniuliza kama bado naogelea. Namwambia huku Kibamba hakuna bwawa la karibu. Sijawahi kumwambia kwamba Jumamosi bado naamka alfajiri, naketi kitandani, sina pa kwenda.