Bosi ameacha kulia

Leo nimempeleka sungura wangu, Bosi, akatibiwa jicho, halafu nikakumbuka kwamba ni huo ugonjwa umekuwa ukimwokoa.

Wacha niwaeleze.

Mamangu anataka kumpika Bosi tangu Krismasi iliyopita. Lakini kila akimshika, jicho moja linatiririka machozi. Mama anamrudisha kwa kibanda.

"Huyu anajua. Siwezi chinja mnyama akilia."

Basi asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwa laini ya kungoja daktari ni mbuzi, mbuzi, ndama, halafu mimi na sungura kwa kikapu. Wazee wakaniangalia tu.

Daktari akasema njia ya machozi imeziba. Akatia dawa ya ganzi, akapitisha maji ya chumvi kwa kamrija kadogo, na uchafu mweupe ukatokea puani. Hapo wazee wote walikuwa wameinama kuona. Akakagua meno pia, maana yakirefuka hubana hiyo njia, akasema nimpe nyasi kavu kwa wingi.

Nikarudi nyumbani Wabera nikiwa na furaha. Jicho kavu kabisa.

Mama akambeba, akamgeuza huku na huku.

"Kwa hivyo hakuwa analia?"

"Njia ya machozi ilikuwa imeziba tu, Mama."

Mimi nikaangalia sufuria.

Halafu akachukua kile kitambaa anachompangusia kila asubuhi, akapangusa hilo jicho kavu, polepole, kama kawaida yake.

"Nitamlaje, na ni mimi nimekuwa nikimpangusa machozi?"

Sasa nyinyi niambieni, Krismasi hii tutapika nini?