Ruta ya Zamani Chumbani kwa Mama

Mama alikuwa anakaa eda ya baba katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Newala, wakati dada yangu alipojifungua Masasi. Safari haikuwezekana. Mjukuu angeonekana kwa simu tu, na mtandao uliishia sebuleni, walikojaa wanaume waliokuja kutupa pole.

Nikaitoa uvunguni ruta ya zamani, kile kisanduku cha kusambaza mtandao. Nilipima mita kumi na mbili za waya, nikapima tena, nikabishana na muuzaji dukani mpaka akaniongezea moja ya bure. Nikaipa ruta anwani yake isigongane na ile mpya ya sebuleni, nikaziunganisha kwa waya, ya zamani nikaiweka juu ya kabati la Mama.

“Hiyo si ilikufa?”

“Ilistaafu tu, Mama.”

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeingia dirishani, na taa ya kijani ikapepesa ndani yake taratibu. Nikampigia dada, na mtoto akatokea kwenye kioo cha simu yangu, amelala, midomo ikinyonya hewa.

“Masikio ya babu yake hayo,” Mama akanong’ona. “Basi hatamsikia mtu.”

Akaifunika simu kwa kanga, na uso wake humo humo. Sikurudishiwa mpaka adhuhuri.