Tandu Kwenye Kopo la Siagi

Kazini walimwita Koleo, kwa sababu lile koleo lake refu halikumtoka mkononi, na kwa sababu akishakunasa kwa maneno hakuachii. Kazi yake ilikuwa kulea tandu. Ndiyo, tandu, wale wale ambao wewe na mimi tukiwaona tunapanda juu ya kiti. Aliwalisha mende, akaunyunyizia maji udongo wao, na siku ya kukamua aliwabana taratibu huku watafiti wakiikinga sumu kwenye kichupa chembamba. Mtaa mzima, ni yeye peke yake aliyefurahi kuletewa mende.

Wala hakuionea aibu kazi hiyo. Akianza kuisifia, utakaa. Katika chumba chake cha maabara walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ndani ya sumu. Katika chumba cha pili mafundi walikuwa wanaunda mashine ya miguu mingi, wakimwiga tandu anavyopita juu ya mawe bila kujikwaa, ili siku nyumba ikiporomoka itambae chini ya kifusi kutafuta watu.

"Mdudu mmoja tu," alipenda kutamba, "anawapa kazi madaktari na mafundi, na mimi ndiye mlezi wake!"

Aliyekataa kuvutiwa ni mama yake. Goti lilimtesa mama huyo tangu zamani, na binti alikuwa akimkanda kila jioni. Lakini tangu aanze kazi ile, mama alikataa katakata. "Mikono inayoshika tandu hainigusi," alisema. Koleo alinawa kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana. Mama akashikilia lake. Basi, kwa kukosa la kumfanyia, binti akaanza kuahidi.

"Vumilia, Mama. Dawa inakuja. Goti hilo utalisahau."

Aliahidi leo, akaahidi kesho, kwa sauti ya mtu aliyeiona dawa yenyewe ikipakiwa kwenye maboksi.

Jioni moja alirudi akamkuta mama jikoni, mguu juu ya stuli, kopo la siagi mapajani. Mfuniko ulikuwa umetobolewa matundu kwa uma.

"Shikamoo, Mama. Una nini humo?"

"Marahaba. Daktari wangu. Nimemkuta bafuni, nikamfunika." Mama akapandisha gauni juu ya goti. "Haya, mtoe aniume hapa. Si wewe ndiye fundi wao?"

Koleo aliangua kicheko, kisha akaona mama hacheki. Mwanamke anayekimbia hata mjusi alikuwa amemkamata tandu mwenyewe, kwa kumwamini bintiye. Kicheko kikamkauka.

"Mama, huyu akikuuma utalia mpaka asubuhi. Sumu yake ni moto mtupu. Dawa ni kitu kidogo tu ndani yake, na mpaka sasa wameijaribu kwa panya."

"Panya wamepona?"

"Wanaonekana kupata nafuu."

"Na mimi lini?"

Koleo angeweza kuahidi tena, na mama angeamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Miaka mingi, Mama. Pengine isitoke kabisa. Nilikuwa najigamba tu. Sidhani kama itakuwahi."

Mama aligongagonga mfuniko kwa kidole. Ndani, tandu akakwaruza.

"Basi kesho mpeleke kazini," akasema mwishowe. "Na umlishe vizuri. Kuna mtu na goti lake huko mbele anamsubiri."

Koleo akalichukua kopo, akaliweka juu ya kabati, akabaki amempa mama mgongo. Alikuwa anaona haya, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umegandia nini huko?" mama akauliza. "Lete mafuta unikande."

"Kwa mikono hii?"

"Kwani una mingine?"