Siku Wageni Waliponyang'anywa Viti

Treni ya reli ya kati haikuwa na haraka miaka ile, na mimi vilevile sikuwa nayo. Niliipanda Dar es Salaam nikiwa na sanduku la bati, cheti cha kidato cha nne, na kazi kadhaa nilizoziacha katika hoteli za Tanga na Arusha kabla sijazizoea. Tabora mabehewa yalikatwa. Ya Kigoma yakaenda zake, sisi wa njia ya Mwanza tukabaki tukisubiri kichwa kingine huku jua likitukaanga na akina mama wakituuzia asali kwenye chupa za bia. Shinyanga nilishuka nikiwa na vumbi hata masikioni. Hapo nikapanda lori lililobeba magunia matupu ya pamba, kuelekea Geita.

Dereva alikuwa Msukuma mnene mwenye kicheko cha ghafla. Kabla ya Bugarama springi ilivunjika. Alipokuwa akiifunga kwa mpira wa tairi aliniuliza ninakwenda kufanya nini huko.

"Kufundisha," nikamwambia. "Semina ya watakaopokea watalii."

"Ndiyo wewe? Basi mimi ni mwanafunzi wako. Nimeandikishwa kuwaendesha hao watalii." Akacheka akiwa chini ya lori. "Lakini mwalimu, unakuja kumfundisha Msukuma kupokea mgeni? Utaanzia wapi?"

Nilimshikia taa afunge, maana giza lilikuwa limeingia.

Nyumba ya wageni ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Kalangalala, hapo Geita, yenye kuta nene na paa la bati, iliyobaki tangu enzi za mgodi wa zamani. Mwangalizi wake alikuwa mama mjane wa makamo, aliyeitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wake wa mwisho. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaninawisha mikono kabla hajaniuliza natoka wapi. Baada ya chakula ndipo alipozungumza.

"Mwanangu, nikwambie jambo moja. Semina ikiisha, bwana mkubwa wa mkoani ataleta wageni wa majaribio. Wakiridhika, nyumba hii itabaki ya wageni. Wasiporidhika, inageuzwa bohari la pamba msimu huu huu. Mimi nitarudi kwa kaka zangu. Unajua mwanamke aliyerudi kwa kaka zake anavyokula? Anakula akiangalia mlango."

Usiku ule nilijiapia kwamba safari hii sitaondoka kabla kazi haijakamilika.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Ilikuwa miaka ya sukari ya foleni na sabuni ya kupimiwa. Uma na visu havikuwepo, kwa hiyo fundi mmoja alituchongea vya mti. Mashuka tulishona kwa kitambaa cha amerikani. Kahawa haikupatikana, hivyo tukamimina maji ya moto vikombeni, na mimi nikawauliza, "Kahawa yako iwe na maziwa, bwana?" Mpishi, mzee mrefu wa kutoka Ushirombo aliyepikia misheni miaka mingi, alikuwa akiyanywa yale maji kwa uso wa mtu mwenye furaha, halafu anamwambia dereva, "Yenu huko Bagalu yana chumvi."

Hapo ndipo palipokuwa na moto wa semina yetu. Mpishi alicheza ngoma upande wa Bagika, dereva upande wa Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma, na kila mavuno yakiisha hushindana uwanjani. Watu hawa wawili walikaa benchi moja, wakakunja kitambaa kimoja cha meza, na hawakuacha kutaniana.

"Kunja vizuri, wewe umezoea kukimbiwa na watazamaji."

"Nani alikimbiwa?" dereva akajibu. "Mwaka jana hata mbwa wenu walihamia kwetu."

Mama hakucheka sana. Alirudia kila somo, na jioni nilimsikia peke yake jikoni akikaribisha viti vitupu. Somo moja tu alilikataa. Nilisema kwamba mgeni akiondoka anaagwa mlangoni kwa maneno mazuri, kisha mhudumu anarudi kazini.

"Mlangoni?" akauliza. "Mgeni aende peke yake kama aliyefukuzwa? Mgeni anasindikizwa, mwalimu."

"Na wageni wengine waliobaki ndani, mama, nani atawapa chai?"

"Watasubiri. Wana adabu."

Tulibishana hadi mpishi akaomba tunyamaze, chakula kisiungue.

Somo alilolipenda ni la viti. Nilifundisha kwamba mgeni asiachwe amesimama, na hilo wote walilikubali mara moja, maana hata kwao mgeni hupewa kigoda kabla ya salamu. Basi tulipopanga siku ya majaribio hapakuwa na ubishi. Baada ya chakula wageni wataona ngoma, na viti vitawekwa ukingoni mwa uwanja. Bagika watacheza kwanza, Bagalu watafuata. Niliwauliza mpishi na dereva kama ratiba inafaa. Wakatazamana.

"Sawa, mwalimu," wakasema. Huko mtu hamkatalii mwalimu mbele ya watu.

Bwana mkubwa alifika na wageni wanne, mmoja wao bibi mwenye mvi aliyevaa kofia ya majani. Chakula kilipita vizuri. Uma za mti ziliwafurahisha. Mama alihudumu bila kukosea, mikono yote miwili kwenye kila sahani. Kisha tukawakalisha wageni vitini, na watu wa mtaa wakaja wakajaa nyuma yao.

Ngoma zikaanza, zote mbili kwa pamoja. Bagika wakaingia kutoka kushoto, Bagalu kutoka kulia, kila upande ukipiga kama upande wa pili haupo. Ratiba ilikufa palepale. Nilimkimbilia dereva, ambaye alikuwa amevaa njuga miguuni.

"Mlisema mtapokezana!"

"Mwalimu, nani acheze wa pili? Wa pili ni aliyeshindwa."

Niliwaacha. Lakini baada ya muda niliona kitu kibaya zaidi. Wageni walikaa kama walivyokalishwa, wakigeuza shingo kushoto na kulia. Na kwa kuwa wageni wamekaa, watu wa mtaa nao hawakuthubutu kuwapita mbele. Uwanja mzima ulikuwa mtupu katikati. Ngoma za Wasukuma hazina mwamuzi. Mshindi ni yule anayevuta watu, nao watu hukimbia huku na huko kufuata penye uhondo. Bila watu kukimbia hapakuwa na mashindano. Wachezaji walikuwa wanatazama viti, wakingoja, na ngoma zikaanza kulegea. Bwana mkubwa alitazama saa yake. Akamnong'oneza mwenzake.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na sinia la chai. Nilimwona akiliweka chini. Akaja mbele ya bwana mkubwa, akapiga magoti, akasema shikamoo upya kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Halafu akashika mgongo wa kiti chake.

"Simama, baba."

"Kuna nini?"

"Simama. Hapa wewe si mgeni, hapa una kazi ya kukimbia na watu."

Alisimama kwa mshangao tu, na mama akakichukua kiti. Akaenda kwa bibi mwenye kofia, akamsaidia kuinuka, akakichukua na chake. Kote nilikopita sikuwa nimeona mhudumu akimnyang'anya mgeni kiti. Mama alivirundika viti vyote ukutani, akamshika bibi yule mkono, akamkokota kuelekea Bagika.

Watu wa mtaa wakapiga kelele, wakamwagika uwanjani. Majembe yakarushwa juu na kudakwa. Bagika wakatoa lori la vijiti na kitambaa, limefungwa springi kwa kamba, likichechemea. Kila mtu alijua ni lori la nani. Umati ukakimbilia huko. Bagalu wakajibu kwa mwiko mrefu kuliko mtu; mchezaji akakoroga nao sufuria kubwa, akaonja kwa uso wa mpishi kabisa. Umati ukarudi. Bwana mkubwa alikimbia nao, kofia mkononi, akipiga kelele kama mtoto wa mjini aliyeona mafuriko.

Bagalu walishinda. Mpishi alipika chai ya jioni kwa hasira, ikawa nyeusi kama lami, na wageni wakaisifu.

Kabla ya kuingia garini bwana mkubwa alimwambia mama, "Pamba itatafutiwa mahali pengine." Kisha akaongeza, "Lakini viti vile, siku za ngoma vibaki ukumbini."

"Vitabaki, baba. Wabeja sana," mama akasema kwa Kisukuma, akishukuru.

Nilikaa hadi mvua za kwanza. Wageni walianza kuja mmoja mmoja, na nilipoanza kuyazoea majina ya vilima nikajua ugonjwa wangu wa kuondoka umerudi. Asubuhi ya kuondoka nilitoka na sanduku langu. Lori lilikuwa linanguruma barabarani, dereva akipiga honi. Mama alikuja mlangoni akipangusa mikono. Nilimngoja avue aproni tuongozane.

"Safari njema, mwalimu," akasema, akisimama wima kama nilivyomfundisha. "Karibu tena kwetu."

"Hunisindikizi, mama?"

"Nina watu wawili ndani wanangoja chai." Akacheka hadi akafunika mdomo. "Mgeni anaagwa mlangoni. Nenda, mwanangu."

Akarudi ndani. Nikabeba sanduku langu mwenyewe hadi barabarani.