Walivyofukuzwa Wanawake Wazima

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la kliniki, pale Kitale miaka ya elfu mbili, nilikabidhiwa kipaza sauti. Shule nilikuwa nimeacha darasa la sita, nikawa utingo, nikachoma matofali, nikauza mitumba mtaani Tuwan. Sasa kazi ilikuwa kutangaza sokoni na kusimamisha hema.

Mimi ni mtu wa maswali, basi nikamuuliza Sista, muuguzi wetu, kila kitu. Alinieleza kwamba uchunguzi wa matiti ni wa mwanamke asiyeumwa. Muuguzi anapapasa titi na kwapa. Akikuta uvimbe anaandika rufaa, yaani anakutuma hospitali kubwa ukapigwe picha.

"Saratani ikianza mara nyingi haiumi," alisema. "Ukingoja maumivu, umechelewa."

Lakini Mratibu, mkubwa wetu, alitaka nitangaze: "Wenye ugonjwa wa matiti, njooni!"

"Bwana Mratibu, mzima atakujaje tukiita wagonjwa?" Sista aliuliza.

"Wazima watatumalizia siku bure. Wewe, tangaza nilivyosema."

Soko la Ndalu nikatangaza vivyo hivyo, hema likawekwa katikati, kila jicho linaona. Mama Nafula, muuza ndizi, akapanga laini. Wenzake wakamvamia.

"Mama Nafula, kumbe uko na ugonjwa na unatuuzia ndizi?"

"Siumwi kitu, bana! Nataka tu kupimwa."

"Ati kupimwa na hauumwi? Si ungekaa nyumbani upime chumvi ya mboga!"

Soko lilicheka. Nilimsihi abaki. "Wacha tu, baba," aliniambia. "Nani atanunua ndizi zangu?" Akajitwika karai lake, akaenda.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa Bungoma mjini. Huko ndiko Mama Nafula aliletwa na dada yake, titi limeshakuwa kidonda. Mratibu alimtazama, akatikisa kichwa. "Hawa akina mama, kwa nini hungoja mpaka mwisho?" Nilitoka nje nisije nikampiga. Mama Nafula alizikwa kabla mahindi hayajavunwa.

Baada ya mazishi Sista hakuomba ruhusa ya mtu. Alitupeleka kwenye vikao vya vyama vya akina mama, nyumbani kwa mwenyekiti. Waliingia chumbani wote, mmoja mmoja, mwenyekiti kwanza, wakitaniana, na hakuna aliyejua nani ameandikiwa rufaa. Ilikuwa rahisi hivyo! Ilikuwa rahisi hivyo tangu Ndalu.

Nimestaafu, na hasira haijastaafu. Juzi binti yangu aliniuliza, "Lakini baba, niende kupimwa nini na siumwi?"

"Ndiyo sababu unaenda leo," nikamwambia. "Vaa viatu."