Kiti Kitupu Kwenye Basi la Relwe

Kwetu tuliliita treni. Lilikuwa basi, tena basi bovu lenye milango ya kutetemeka, lakini lilikuwa mali ya relwe, shirika la reli, na kondakta wake alivaa kofia ya gadi wa treni na kupuliza filimbi kabla ya kuondoka. Mahali lilipoegeshwa pale Mbeya paliitwa stesheni, ingawa ungetembea siku nyingi usione reli hata kipande. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini walikuja wapimaji wakapigilia vigingi, tukaambiwa reli itapita kwetu, tukangoja. Vigingi vikaliwa na mchwa. Tukabaki na basi letu la Ijumaa kwenda Iringa, likirudi Jumatatu.

Nataka kueleza jinsi tulivyopata basi la pili, maana nimelisikia jambo hilo likielezwa na watu ambao hawakuwepo, na wote wanamsifu bwana mmoja ambaye hakufanya lolote ila kukataa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana ya misheni, Iringa. Nilisomea hukohuko, na nilipoolewa na kijana wa kwetu Unyakyusa sikukubali kuiacha kazi. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Yeye alikula vumbi lake huko, mimi nikala vumbi la chaki Iringa, na wakati wa likizo tulikutana nyumbani kwa wazazi wake, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Watu walisema hiyo si ndoa. Niliwaacha waseme.

Taabu yangu haikuwa mume wala kazi. Taabu ilikuwa paa. Kwa Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mume wake. Sisemi kwamba anamwinamia au anamwamkia kwa adabu. Nasema haonani naye. Akimsikia akikohoa njiani, anajitosa migombani mpaka apite. Hamsemeshi, hataji jina lake, na haingii chini ya paa alilomo. Ubatizo haukuondoa hilo. Jumapili baba mkwe alikaa kanisani na wanaume, mimi nikasikiliza mahubiri nikiwa nje, chini ya dirisha, na mvua ikinyesha nililowa. Tangu nilipoolewa sikuwa nimeuona uso wake. Nilimjua kwa kikohozi na kwa mgongo wa koti lake la kijivu.

Basi nalo lina paa, na paa ni moja.

Baba mkwe alikuwa akichukua mchele Kyela na kwenda kuuuza Iringa, na msimu wa mchele hakukosa Ijumaa. Kwa hiyo nilipofika stesheni nilijificha kwanza nyuma ya ukuta, nikamngoja mama mmoja muuza ndizi, rafiki yangu, aende kuchungulia. Alizunguka basi zima na sinia lake kichwani kama mtu anayetafuta wateja, kisha akarudi.

"Yupo, mwe!" alikuwa akiniambia. "Amekaa pale nyuma, magunia yamepakiwa juu."

Basi. Nilirudi nyumbani na sanduku langu la bati, na kiti changu kilikwenda Iringa bila mimi.

Sikuwa peke yangu. Nyuma ya ukuta ule tulikuwa tukikutana wanawake tele, kila mmoja na mkwe wake ndani ya basi, tukichekana. Wengine walipatwa na balaa katikati ya safari. Nakumbuka dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye basi. Tulipofika Igurusi akasikia sauti ya mkwe wake mlangoni akibishana na kondakta. Alitoka kwa dirisha, yeye na kuku wake, na tiketi ikabaki kitini. Tulicheka mpaka machozi, kisha nikaona jinsi alivyosimama barabarani akiangalia basi linavyoondoka, nikaona aibu kucheka.

Muhula wa kwanza wa mwaka ule nilichelewa kufika shuleni kwa wiki nzima. Muhula wa pili nilipanda lori la mfanyabiashara, juu ya magunia ya mahindi, likatufia Chimala, nikafika nimechelewa kuliko kama ningengoja. Mwalimu mkuu wetu, mama wa Kizungu asiyejua kupandisha sauti, alinikalisha ofisini. Akasema nikichelewa tena darasa langu atapewa mwingine. Sikumweleza habari za mkwe. Ningeanzia wapi? Nilitoka nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa sweta. Lile darasa nililipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na sikuwa tayari kulipoteza kwa sababu ya basi.

Likizo iliyofuata ikaja habari kwamba bwana wa relwe anatoka Dar es Salaam kuamua kama liongezwe basi la pili kati ya Mbeya na Iringa, la katikati ya wiki. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Bwana akafika, kijana, pua imebabuka kwa jua. Alikuja kwa lilelile basi, akiwa peke yake kule mbele, daraja la kwanza, nyuma ya ukuta wa mbao wenye kioo uliotenga viti vya Wazungu na sisi wengine. Akaitisha baraza kwenye ukumbi wa boma. Walikwenda wazee wa kanisa, wachuuzi na wakulima. Baba mkwe alikwenda, akakaa mstari wa mbele. Mimi nikakaa nje, chini ya dirisha, pamoja na wanawake wenzangu.

Bwana alieleza kupitia kwa mkalimani wake. Alisema amewaagiza makondakta watazame viti, nao wamemwambia kwamba kila Ijumaa basi huondoka na nafasi. Basi moja halijai. Mnataka la pili la nini?

Wote mle ndani walijua vile viti ni vya nani. Kila mzee pale alikuwa na mke wa mwanawe aliyeachwa nyuma ya ukuta. Lakini ni mwanamume gani wa kwetu angesimama mbele ya mgeni, mbele ya wenzake, aanze kumsema mkamwana wake? Afadhali avuliwe nguo. Mmoja akasema mabasi mengi ni maendeleo. Mwingine akasema hata Dodoma wana treni ya kweli. Nikasikia bwana anafunga mkoba wake.

Hapo maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilisimama, nikauegemeza mgongo wangu ukutani pembeni ya dirisha nisione ndani, nikajifunika kitambaa kichwani mpaka usoni, nikapaza sauti.

"Vile viti si vitupu, bwana! Ni vyetu sisi!"

Nikamweleza. Nilisema mimi ni mwalimu, na kazi yangu inaponyoka kwa sababu basi ni moja na mkwe wangu yumo ndani. Nilisema tukiwa na mabasi mawili, wakwe watapanda moja na sisi jingine, na yote yatajaa. Nilijua kwamba baba mkwe ananisikia, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, lakini mdomo ulikwisha kufunguka.

Mkalimani akatafsiri. Nikamsikia bwana akicheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa cha mtu aliyeonyeshwa mchezo wa watoto. Akasema relwe haiwezi kununua magari kwa ajili ya ushirikina wa wanawake. Wakae tu pamoja, hakuna atakayekufa.

Kicheko kile ndicho kilichoniwasha. Mkalimani angeweza kuyapunguza maneno yangu, kwa hiyo nilimwuliza bwana kwa Kiingereza, kilekile nilichokuwa nikiwafundisha wasichana wangu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Na wewe, bwana, uliyekaa kule mbele peke yako nyuma ya kioo, mkwe wako ni nani kati yetu?"

Wanawake waliokuwa chini ya dirisha walishika midomo. Ndani mtu mmoja aliangua kikohozi. Nilisikia kiti kikisukumwa, mkoba ukiburutwa mezani, na mkalimani akitangaza kwamba baraza limekwisha na basi la pili halitakuwepo.

Siku zile mbili zilizofuata zilikuwa chungu. Wazee wa kanisa walisema mwanamke mmoja amewakosesha watu wote basi kwa ulimi wake. Mama mkwe hakunisemesha. Alinipa chakula akigeuza uso. Nilikuwa nimevunja mwiko, nimemfedhehesha mzee mbele ya watu, na basi lenyewe sijalipata. Nililia, si uongo, lakini nililia kwa hasira. Kila nilipolirudia lile swali kichwani niliona ni swali la haki. Nikakata shauri kwamba Ijumaa nitapanda, awemo asiwemo. Ikibidi nikae sakafuni nimejifunika mkeka mpaka Iringa, nitakaa.

Ijumaa nilifika nyuma ya ukuta na sanduku langu. Muuza ndizi alikwenda, akarudi uso umemshuka.

"Yupo," akasema. "Dada, rudi tu nyumbani. Umeshasema ya kutosha."

"Nishikie kitambaa nijifunge vizuri," nikamwambia. "Leo sirudi."

Nilikuwa nimeshainua sanduku niliposikia sauti kutoka kwenye basi. Ilikuwa ya mwenye kile kikohozi.

"Kondakta! Shusha mchele wangu."

"Mzee, si umeshalipa tiketi? Gari inaondoka sasa hivi."

"Shusha, nimesema. Kuna mwalimu hapa anachelewa shule."

Kondakta alipanda juu akinung'unika. Magunia yakaanguka chini moja baada ya jingine. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaona wala kusikia mkwe akimpisha mkamwana. Sisi ndio tunaopisha. Muuza ndizi alikuwa amesahau sinia lake, mdomo wazi. Kisha akachungulia tena, akanipungia mkono nije.

Nilitoka nyuma ya ukuta nikitazama chini. Kwa pembe ya jicho niliuona mgongo wa lile koti la kijivu. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, ameuelekea mlima Loleza, hageuki. Nilipanda. Wanawake wawili wengine walipanda nyuma yangu, maana wakwe zao waliokuwa ndani, walipoona mzee mwenzao ameshuka, walishuka pia wakijitia wanatafuta tumbaku. Filimbi ilipopulizwa nilikuwa nalia tena, na sikuwa na hasira hata kidogo. Tulipopita Mafinga baridi ilikuwa kali na sikuisikia. Shule ilipofunguliwa Jumatatu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu, na mwalimu mkuu akapita, akaniangalia, akaendelea na njia yake.

Yaliyofuata niliyapata kwa muuza ndizi nilipokuja likizo. Ijumaa iliyofuata baba mkwe alikwenda tena stesheni na mchele wake. Aliwaacha wanawake wapande kwanza, na walipojaa yeye akakaa juu ya magunia yake kwenye baraza la stesheni. Wiki ya pili walikuwa wazee watatu. Baadaye baraza lote likajaa wazee, mchele, maharage na mbuzi wa kuuza, na wazee wale hawakuwa na haraka yoyote. Walivuta tumbaku, wakaimba nyimbo za kanisani, wakamwita bwana wa stesheni kila alipotoka ofisini na kumuuliza kwa heshima zote treni yao inakuja saa ngapi. Makondakta waliokuwa wameagizwa kutazama viti sasa hawakuona kitupu hata kimoja, na waliobaki nje walikuwa wengi kuliko waliopata nafasi.

Basi la pili likaletwa, la Jumanne. Siku ya kuzinduliwa walikuja mabwana, na yule bwana kijana akasema kwenye hotuba yake kwamba ni matokeo ya mipango ya uangalifu ya relwe. Watu walipiga makofi. Wazee walipanda nyuma, kila mtu na gunia lake, na yeye akapanda mbele, akafunga mlango wa kioo.

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na wasichana wangu wa siku za baadaye walinicheka nilipowasimulia. Mwalimu, walisema, mwanamke jasiri kama wewe, kwa nini hukupigana na mila yenyewe ukaacha kusumbua watu wa basi? Niliwajibu kwamba mila ile niliijua ubaya wake kuliko wao, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilowa dirishani. Lakini walipofika hapo pa kumweka mkwe wangu na yule bwana kwenye kapu moja, nilikataa katakata, na bado nakataa. Mmoja aliposikia nateseka alishuka.

Baba mkwe hakunisemesha mpaka anakufa, wala sikuwahi kuuona uso wake akiwa hai. Ila likizo ile niliporudi, mama mkwe alinikuta jikoni nikimenya ndizi. Akakaa, akachukua kisu, akaanza kunisaidia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya baraza.

"Nimetumwa," akasema. "Mzee anasema hivi, mwalimu aambiwe kwamba lile swali alilomuuliza Mzungu, yeye mzee alilisikia vizuri sana. Anasema hata yeye anangoja jibu."