Mdundo wa Unyago Kwenye Spika

Mwaka ule gesi ilipoonekana baharini wageni walijaa, na kila mtu akataka kujifunza kitu. Mimi nikataka kutengeneza muziki wa kompyuta. Usinicheke. Ngoma nimepiga tangu usichana, lakini vidole vilishaanza kuuma, na harusi zilikuwa zikiita spika, mimi haziniiti.

Aliyenifundisha ni profesora, mwanamke wa kusini aliyeletwa na serikali. Kireno changu ni cha kuombea maji, Kiswahili chake hivyo hivyo.

"Mama, piga kidogo tu. Mashine itarudia yenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uichoke."

Nikapiga. Mikono haikuniuliza. Ikapiga mdundo wa unyago, wa kumtoa mwali, ambao mwanamume hausikii. Siku ukipigwa, wanaume wetu hujifanya wana shamba mbali, kule Mbau. Marehemu mume wangu aliwahi kwenda hata jembe hana. Profesora akaongeza kinanda na makofi, ikawa tamu. Kosa langu ndilo hilo: ilipokuwa tamu nilinyamaza.

Siku ya tatu akaja anacheka: mumewe, mpiga muziki wa harusi, ameichukua kwenye flashi, ataipiga harusini Ijumaa.

Nikaionyesha mashine kidole. "Ifute!"

"Yangu nimefuta, mama. Yake anayo."

"Sasa umefuta nini?"

Ngoma ukiiacha imekwisha. Hii haiishi. Nikakimbilia kwa mumewe, kumbe ameenda Mocímboa kuchukua spika. Sikulala vizuri tena. Mwenzetu mmoja aliwahi kutoa siri; nyakanga wetu, mkuu wa unyago, akamtenga. Binti yake alipoolewa, mama mtu alitwanga mpunga wa harusi peke yake, mchi mmoja, mtaa mzima unasikia.

Ijumaa baada ya swala, wanaume upande huu, sisi upande ule, katikati pazia. Nyakanga yuko mkeka wa mbele. Spika zikaanza. Mdundo ndio wenyewe.

Wanawake wakainamisha vichwa. Wanaume? Wakacheza! Nikamsikia shemeji yangu akipiga mluzi na kupaza sauti: "Hii ndiyo ngoma! Ya wapi hii, Dar?"

Hawakujua lolote. Nyakanga alitafuna tambuu kama kiziwi. Ningekaa tu, yangepita. Lakini nikasimama. Nikapita pazia, nikavuta waya.

"We shemeji, umepandisha shetani? Kuna nini kwenye ngoma hiyo?"

Pazia nililiacha wazi nyuma yangu. Wanaume wakanitazama mimi, kisha wakawatazama wanawake walioinama, safu nzima, na mmoja mmoja akaacha kucheka.

Nyakanga akatema tambuu.

"Walikuwa hawajui kitu," akasema, taratibu, kama anayemsemesha mtoto. "Umewaambia wewe."

Waya ulikuwa bado mkononi mwangu. Sikujua niuchomeke au niuache.